Mosh haitoki Moshi: Mama Fundi ajibu maswali ya UDP

Shikamoo Mama Fundi. Mimi ni kijana wa Njiro, Arusha. Natunza mfumo wa kupokea oda wa kampuni ndogo inayopeleka wageni mbugani. Seva tumeikodi Frankfurt, Ujerumani. Kila Ijumaa jioni napanda basi kwenda nyumbani Moshi, na kila Ijumaa bosi anakumbuka kazi nikiwa nimeshapita Usa River. Nikiingia kwa SSH (njia ya kuendesha seva kutoka mbali kwa kuandika amri), tukikaribia njia panda ya KIA au Bomang'ombe skrini inaganda. Naandika, hakuna kinachotokea, mwisho nafunga dirisha na kuanza upya. Rafiki akaniambia niweke moshi. Nimeweka moshi kwenye laptopu na kwenye seva, lakini nikiiita inanionyesha mstari huu juu ya skrini na kukaa hapohapo:

`mosh: Nothing received from server on UDP port 60001.`

Poti, ile milango ya namba ya mtandao, nilishazifungua kwenye ukurasa wa kampuni iliyotukodisha seva, kuanzia 60000 mpaka 61000. Nikapima kwa nc, programu ndogo ya kupima poti, nayo ikasema imefaulu:

`nc -zvu 203.0.113.20 60001`
`Connection to 203.0.113.20 60001 port [udp/*] succeeded!`

Kwa hiyo poti iko wazi. Je, ni kampuni ya simu inayoziba UDP, ile namna ya kutuma data bila kusubiri risiti? Nihame laini?

*Mtunza seva, Njiro*

Marahaba mwanangu. Laini usihame kwanza. Halafu nikutoe kwenye hilo jina, maana barua nzima umeandika "moshi", na mhariri alitaka kuipeleka kwenye safu ya mapishi akidhani unalalamikia jiko la kuni. Mosh haitoki Moshi, ingawa mimi niliye Rau, hapa Moshi, ningefurahi sana ingekuwa hivyo. Ni kifupi cha maneno ya Kiingereza yenye maana ya sheli inayohamahama. Na sheli yenyewe siyo ile ya kujazia mafuta, ni programu inayosoma amri zako kwenye terminali, lile dirisha la kuandikia amri. Waliitunga Keith Winstein na Hari Balakrishnan wa chuo cha MIT, Marekani, wakaieleza mbele ya wenzao mwaka 2012. Mazao ya wasomi mara nyingi huishia kwenye makabati, lakini hii imefika mpaka kwenye basi la Ijumaa.

SSH, aliyoianzisha Mfini Tatu Ylönen mwaka 1995, hupita juu ya TCP, namna ya kutuma data ambayo pande mbili husalimiana kwanza na kupeana risiti. TCP huutambua muunganisho kwa vitu vinne: anwani yako, poti yako, anwani ya seva na poti ya seva. Kimoja kikibadilika, muunganisho umekufa, hata kama huko Frankfurt hawajapata taarifa ya msiba. Watu hudhani kila mnara wa simu basi linaoupita unakupa anwani mpya. Siyo hivyo. Kutoka mnara huu kwenda ule, kwa kawaida anwani inabaki ileile. Kinachoibadilisha ni data kukatika kabisa na kuanza upya, au wewe kuhama kutoka Wi-Fi ya ofisini kwenda kwenye simu. Mosh inatumia UDP na haina habari na hayo. Seva huangalia tu paketi (kifurushi cha data) halali ya karibuni imetoka anwani gani, na majibu yanaelekezwa huko.

Sasa usome vizuri huo ujumbe uliokukasirisha, kwa sababu umeshakufanyia nusu ya kazi. Mosh huanza kwa kuingia kwa SSH ya kawaida, poti ya 22. Ikishaingia huwasha `mosh-server`, na hiyo seva ndogo hurudisha mstari mmoja: `MOSH CONNECT`, namba ya poti, na ufunguo wa herufi 22. Kisha SSH inafungwa, inaondoka zake, na yaliyobaki yote ni UDP. Wewe umeambiwa namba 60001. Hiyo maana yake jina lako la kuingilia lilikubaliwa, nywila ilikubaliwa, `mosh-server` ipo na iliwaka. Kama shida ingekuwa mpangilio wa lugha kwenye seva ungeambiwa kwamba `mosh-server needs a UTF-8 native locale to run`, ukaishia hapo. Kwa hiyo usifute programu ukaiweka upya. Najua umeshafanya hivyo mara mbili, umeniandikia mwenyewe kwenye ukurasa wa pili.

(Kwenye ukurasa huohuo umenakili mstari wa `MOSH CONNECT` pamoja na ufunguo wake. Nimeukata. Kikao kile kimekufa na ufunguo haufungui kitu tena, lakini tabia hiyo iache. Mwenye ufunguo wa kikao kilicho hai ndiye mwenye kikao.)

Tuje kwenye `nc`, maana hapo ndipo ulipopotezwa, na hukupotezwa peke yako.

Wakwe zangu wana kihamba (shamba la ukoo) Kibosho, na kati yao na jirani kuna korongo refu. Zamani kabla ya simu, mama mkwe alikuwa anasimama ukingoni anaita ng'ambo. Yalikuwa yanatokea mambo matatu. La kwanza, aliyeitwa anaitika. La pili, anaitika mtu mwingine: "Hayupo, ameenda sokoni!" La tatu, kimya. Hicho kimya ndicho kilichokuwa kinamtesa bibi. Pengine mwenyewe hayupo na hakuna hata mtoto wa kujibu. Pengine yupo lakini upepo umebeba sauti. Pengine amesikia, ameitika, na jibu lake ndilo limepotelea korongoni. Pengine amesikia na hataki kuitika, maana alikuwa anadaiwa ndizi.

UDP ni kuita ng'ambo ya korongo. Jon Postel aliiandika mwaka 1980 kwa kurasa chache sana, na kichwa cha kila paketi kina baiti 8 tu. Hakuna kusalimiana, hakuna risiti. Poti ikiwa imefungwa na hakuna fayawoli (mlinzi wa mtandao anayezuia paketi) njiani, mashine ya upande wa pili hurudisha ujumbe wa ICMP wa kusema hapa hakuna mtu: ndiyo ile "hayupo, ameenda sokoni". Fayawoli ikiizuia, mara nyingi paketi yako inatupwa na hakuna anayesema neno.

Na `nc -zvu` inafanyaje? Inatupa herufi X chache ng'ambo na kusubiri kidogo. Isiposikia "hayupo", inatangaza `succeeded`. Yaani inahesabu kimya kuwa ni "yupo". Ukiielekeza kwenye seva iliyozimwa kabisa nyuma ya fayawoli, itakupongeza vilevile. Kwa TCP `nc` ni shahidi mzuri sana, kwa sababu TCP lazima isalimiane pande mbili. Kwa UDP na hiyo `-z`, sipokei ushahidi wake. Programu ya `nmap` ni mkweli zaidi: ukiiambia `sudo nmap -sU -p 60001` na anwani, nayo ikapata kimya, itaandika `open|filtered`, maana yake ama iko wazi ama imezibwa, mimi sijui. Jibu la namna hiyo haliridhishi, lakini ndilo la kweli.

Kuna na jambo la pili hapo. Hata kama njia ingekuwa nyeupe, kuipigia `mosh-server` yenyewe kwa `nc` usingejibiwa. Paketi isiyofungwa kwa ule ufunguo inatupwa kimyakimya, na hivyo ndivyo inavyotakiwa. Jirani anayedaiwa ndizi.

Dawa ni moja: usimame pande zote mbili za korongo. Wewe unaweza, maana SSH yako inafanya kazi. Fungua madirisha mawili ya terminali. Dirisha la kwanza ingia kwa SSH ya kawaida mpaka kwenye seva, na umweke msikilizaji:

`nc -u -l 60009`

Kama seva yako ina `nc` ya zamani itataka `nc -u -l -p 60009`. Nimechagua 60009 makusudi, kwa sababu 60001 inaweza kuwa bado imekaliwa na `mosh-server` uliyoiwasha sasa hivi. Ikikosa mtu wa kuzungumza naye hukaa sekunde 60 ndipo ijizime. Ukitaka kuona nani amekaa wapi, `sudo ss -lunp` itakuonyesha. Dirisha la pili, kwenye laptopu:

`nc -u 203.0.113.20 60009`

Andika *habari*, bonyeza Enter. Neno likitokea Frankfurt, njia ya kwenda ipo. Sasa rudi dirisha la kwanza, andika *nzuri*, Enter. Likitokea Njiro, na njia ya kurudi ipo. Usiruke hatua hii ya pili. Ukitaka kurudia jaribio, zima msikilizaji na umwashe upya, kwa sababu `nc` za siku hizi zikishapokea neno la kwanza hushikamana na mtu huyohuyo, na mwingine akiita hazimsikii.

Na ukishaandika *habari*, jibu hapohapo. Mimi mwaka fulani nilifanya jaribio hili nyumbani Rau kwa intaneti ya simu. Neno likafika vizuri. Kabla sijajibu, jirani akagonga geti, ameleta mkungu wa ndizi mshare. Kwetu huwezi kupokea mkungu mlangoni ukafunga geti, kwa hiyo nikaweka chai. Nilivyorudi kwenye kompyuta, kama dakika kumi zimepita, nikaandika *nzuri*. Haikufika. Nikaandika tena. Wapi! Siku tatu nilikuwa naisema vibaya kampuni ya simu kwa kila aliyenisikiliza, kwamba inazuia UDP ya kurudi. Kumbe mkosaji ni chai yangu. Simu nyingi hazina anwani yao wenyewe hadharani; wateja wengi hukusanywa nyuma ya anwani moja, na kifaa cha kampuni hukumbuka tu kwamba fulani alitoka kwa poti hii, akijibiwa mletee. Ukiona simu yako imepewa anwani inayoanzia 100.64 mpaka 100.127, uko kwenye kundi hilo. Fungu hilo la anwani lilitengwa kwa kazi hiyo mwaka 2012. Kumbukumbu hiyo kwa UDP ni fupi. Kwenye Linux ya kawaida, mawasiliano ya upande mmoja husahauliwa baada ya sekunde 30. Jibu langu la dakika kumi lilifika mlangoni likaulizwa "wewe wa nani?" Mosh yenyewe haipatwi na hili, kwa sababu hata usipoandika kitu hutuma paketi kila baada ya sekunde 3, kwa hiyo mlango haupati nafasi ya kusahau.

Tuseme *habari* haikufika. Hapo ndipo unaiita `tcpdump`, programu ya kuonyesha paketi zinazopita. Fungua dirisha la tatu, ingia kwenye seva kwa SSH, andika:

`sudo tcpdump -n -i any udp portrange 60000-61000`

Halafu tuma *habari* tena kutoka laptopu. Jambo ambalo vijana wengi hawalijui, na ndilo linaloifanya `tcpdump` iwe ya thamani: paketi inayoingia, `tcpdump` huiona kabla fayawoli ya seva haijaigusa. Ni kama mlinzi aliyekaa nje ya geti, anaona hata wanaofukuzwa. Kwa hiyo ukiona mstari wa namna hii:

`eth0 In IP 198.51.100.7.41822 > 203.0.113.20.60009: UDP, length 7`

na `nc` haijaonyesha kitu, paketi imesafiri kutoka Njiro mpaka Frankfurt salama, na imeuawa mlangoni pa seva yako mwenyewe. Mkosaji ni `ufw` au `iptables`, fayawoli za ndani ya seva. Hiyo 7 nayo ihesabu: herufi sita za *habari* na ya saba ni Enter. Mimi hupenda kuhesabu, maana hunihakikishia kwamba ninayoiona ni paketi yangu, siyo ya mpita njia. Kama unatumia `ufw`, inatosha:

`sudo ufw allow 60000:61000/udp`

Lakini `tcpdump` ikikaa kimya kabisa, fayawoli ya ndani ya seva haina kosa. Paketi haijafika. Wamebaki watuhumiwa wawili: fayawoli ya kampuni iliyokukodisha, ile unayoipanga kwenye ukurasa wao, au njia yako ya kutokea huku. Kuwatenganisha ni rahisi na hakuhitaji kuhama laini, azima tu simu ya mtu mwenye mtandao mwingine na utume *habari* ileile. Ikikwama na huko, rudi kwenye ukurasa wa kampuni.

Kwa kuwa najua foleni ya safu hii, nilimtumia kijana huyu maelezo haya kwa barua pepe kabla hayajachapwa. Alijibu baada ya saa moja. `tcpdump` kimya kwa laini yake. Kimya kwa laini ya dada wa mapokezi. Akafungua ukurasa wa kampuni kunipigia picha, aniaminishe kwamba amefungua poti. Picha ilikuja, na kwenye picha sheria ilikuwepo kweli, 60000 mpaka 61000, alama ya kijani. Safu ya itifaki imeandikwa TCP.

Sikumcheka sana. Kurasa hizo nyingi ukianza sheria mpya zinakuwekea TCP zenyewe, na macho ya mtu aliyechoka huenda kwenye namba. Aligeuza ikawa UDP, *habari* ikaingia, urefu 7. *Nzuri* ikarudi, urefu 6. Ijumaa iliyofuata alinitumia ujumbe akiwa Kwasadala: mstari wa bluu ulitokea juu ya skrini karibu na KIA ukisema mara ya mwisho kusikia kutoka kwa seva ni sekunde 40 zilizopita, akaacha, akanunua mahindi dirishani, ukaondoka wenyewe. Siku ukiona hauondoki, shika Ctrl na `^` pamoja, achia, halafu bonyeza nukta. Ndiyo njia ya kutoka.

Kitu kimoja cha nyongeza, mwanangu. Poti 1001 ni nyingi kwa mtu mmoja. Mosh huanzia 60001 na kuchukua ya kwanza iliyo tupu, kwa hiyo 60001 mpaka 60010 zinakutosha wewe na wenzako wote, na bosi.

Habari za kazi Mama Fundi. Mimi ni mhasibu wa ushirika mmoja hapa Moshi, nimegeuzwa fundi kwa sababu nilisema najua kompyuta. Seva yetu ya hesabu haina anwani ya nje. Tunaingia kwanza kwenye seva ya mlangoni, ndipo tunarukia ya ndani kwa `ssh -J`. Kwa SSH inakubali. Kwa Mosh inasema haijapokea kitu. Nimepima kwa nc mpaka vidole vinauma.

*Mhasibu, Soweto*

Nzuri dada, pole na vidole. Hapa hakuna kilichoharibika. Ule mruko wa `-J` ni wa SSH, ni bomba la TCP ndani ya bomba la TCP. Mosh inaweza kulitumia bomba hilo kwenda kuwasha `mosh-server`, lakini ikishawasha, laptopu yako inatakiwa itume UDP moja kwa moja mpaka seva ya ndani. Na seva ya ndani, kama ulivyosema, haina anwani ya nje. Ni sawa na kuagizwa nyumba ya tatu nyuma ya geti, dereva wa bodaboda anaona geti tu.

Piga Mosh mpaka seva ya mlangoni, kisha ukiwa humo piga `ssh` ya kawaida kwenda ndani. Kipande kinachoyumba ni kile cha kutoka kwako mpaka mlangoni. Kile cha ndani ni waya wa mita chache, hakina sababu ya kukatika. UDP ifunguliwe kwenye mlango tu. Kuna watakaokushauri uweke VPN, yaani njia ya siri ya kuiunganisha laptopu na mtandao wa ndani. Ni ushauri mzuri, ila kwa hesabu za mwezi ambazo bodi inazitaka Jumatatu, fanya nilivyokuambia kwanza.

Binti yangu, mimi ni mstaafu wa Sakina, Arusha. Mjukuu ameniwekea hiyo Mosh niwe naangalia kamera za shambani. Nikiandika haraka maneno yanatokea yamepigiwa mstari chini, kama mwalimu anayesahihisha insha. Kiswahili changu ni sahihi kabisa. Nani anayenisahihisha?

*Mzee wa Sakina*

Shikamoo mzee wangu. Hakuna anayethubutu. Ukibonyeza herufi kwenye SSH, herufi hiyo inakwenda mpaka kwenye seva na kurudi ndipo uione. Kama seva iko Ulaya, kutoka huku kwetu hilo linachukua muda unaohisika kidoleni. Mimi nikiipigia `ping` seva yangu siku nzuri napata milisekunde 170 hivi. Mosh haisubiri. Inakisia kwamba ulichobonyeza ndicho kitakachoonekana, inakuonyesha hapohapo, na mtandao ukiwa mzito inapiga mstari chini ya ilichokisia kukueleza kwamba seva haijathibitisha. Seva ikithibitisha, mstari unafutika. Mistari ikibaki sekunde nyingi, ni mtandao, wala siyo imla. Ukiandika nywila haitakisia kwa sauti, usiwe na wasiwasi.

Usipoipenda kabisa, mjukuu aiite kwa `mosh --predict=never`. Ila mzee, vumilia wiki moja. Utaipenda.

Shikamoo Mama Fundi, mimi ni mwanafunzi, naishi Kiboriloni. Bando langu ni la wiki. Hizo paketi za Mosh za kila sekunde 3 haziwezi kulimaliza usiku nikiacha dirisha wazi? Na jana nimeingia kwa Mosh nikaambiwa nina vikao vya Mosh vitatu vilivyoachwa. Sivijui.

*Mwanafunzi, Kiboriloni*

Marahaba. Tupige hesabu. Saa moja ina sekunde 3,600, kwa hiyo ni paketi 1,200 kila upande. Ni ndogo sana, lakini tuzikadirie baiti 100 kila moja pamoja na vichwa vyake: baiti 120,000 kwenda na nyingine kama hizo kurudi. Kwa saa nane za usingizi hazifiki megabaiti 2. Picha moja ya harusi kwenye kundi la familia inaweza kuzidi hapo. Na ukiwa kazini Mosh mara nyingi hula kidogo kuliko SSH: ukifungua faili refu kwa `cat`, SSH husafirisha kila mstari, Mosh hutuma skrini ilivyo sasa na kuruka iliyopita katikati. Gharama yake utaiona ukitaka kupandisha juu kusoma yaliyopita, hayapo. Tumia `less`, inayokusomesha faili ukurasa kwa ukurasa, au ufungue `tmux`, inayotunza yaliyopita, ndani yake.

Hivyo vikao vitatu ni vyako. Ukifunga laptopu au ukizima dirisha kwa nguvu, seva haijui kama umekufa au uko njiani, na Mosh imeumbwa kusubiri, inaweza kukusubiri wiki. Ujumbe uliouona umetaja namba ya kila kimoja kwenye mabano. Ingia kwa Mosh kwanza, andika `pgrep -a mosh-server`, linganisha namba, na uue zile za zamani kwa `kill`. Usiandike `pkill mosh-server` kwa haraka ya kumaliza, utajikata na wewe mwenyewe uliyeko ndani. Kwa siku zijazo, ongeza mstari huu kwenye mazingira ya seva:

`export MOSH_SERVER_NETWORK_TMOUT=604800`

Hizo ni sekunde za siku 7, sawa na bando lako. Hakikisha `mosh-server` inausoma inapowaka, maana kwenye seva nyingi faili la `.bashrc` humkatisha asiyeingia kwa terminali kabla hajafika chini. Uweke juu kabisa.